Kabla ya Nakala Elfu Moja, Wanunuzi Mia Moja

Waandishi wengi wa Kiswahili wanaojichapishia vitabu hukwama kwa sababu ambayo haihusiani na ubora wa kalamu zao: fedha yote waliyonayo huipeleka kwa mpiga chapa. Akiba ya miaka, mkopo wa SACCOS, mchango wa ndugu, pengine hata kiinua mgongo cha mwalimu aliyestaafu, vyote huishia kwenye karatasi, wino na gundi, na siku katoni zinaposhushwa nyumbani, mwandishi hana hata nauli ya kuwapelekea watu vitabu hivyo. Makala haya yanatetea mpangilio mwingine wa matumizi. Fedha ya kwanza imlipe mhariri, inayofuata itumike kumtafuta msomaji, na ya kiwanda ije mwisho, tena kwa idadi ya nakala ambayo wanunuzi waliokwisha kujulikana wanaweza kuibeba.

Kujichapishia hakukuletwa na intaneti. Shaaban Robert, ambaye vizazi vya wanafunzi vimemsoma darasani, alianzisha mwenyewe shughuli ya uchapishaji mjini Tanga, akaiita Art and Literature, na baadhi ya maandishi yake yakatokea hapo. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikuwa na kampuni yake ya Heko jijini Dar es Salaam. Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, David Maillu alianzisha Comb Books, na huyu anastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hesabu yake aliianzia kwa msomaji. Wakati ule, kama ilivyo sasa, wachapishaji wakubwa waliishi kwa vitabu vya shule. Maillu alimlenga karani, katibu muhtasi na kijana wa mjini aliyemaliza shule bila kuacha hamu ya kusoma, akamwandikia mambo ya pombe, mapenzi na ofisi katika vitabu vidogo vilivyomfaa kwa ukubwa na kwa bei. Vilinunuliwa kwa kasi ambayo fasihi ya wakati ule haikuizoea. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku, na kabla ya muongo huo kwisha Comb Books ilikuwa imeanguka. Ukiyaweka pamoja hayo mawili, unaona kwamba kumjua msomaji kunaweza kukipaisha kitabu haraka sana, na kwamba biashara ya vitabu hubaki na hatari hata kwa aliyefanikiwa, hivyo si mahali pa kuweka shilingi ya mwisho ya nyumba.

Mfano ninaouona bora zaidi una zaidi ya miaka 200. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kujinunulia uhuru wake mwaka 1766, alichapisha simulizi la maisha yake mjini London mwaka 1789 kwa kutegemea wanunuzi waliojiandikisha kabla kitabu hakijatoka. Majina yao yalichapwa kwenye kurasa za mwanzo, akiwamo mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, kiasi kwamba orodha yenyewe ikawa tangazo kwa mnunuzi aliyefuata. Hakimiliki aliishika mwenyewe. Kisha kwa miaka kadhaa alizunguka miji ya Uingereza, Uskoti na Ireland, akihutubia dhidi ya biashara ya utumwa na kuuza kitabu chake kwa mkono wake, na kila sehemu aliyopita iliongeza majina ya wanunuzi katika matoleo yaliyofuata. Kitabu kilifikisha matoleo tisa akiwa hai. Hakuwa na mchapishaji wa kumbeba wala ukoo wa kumchangia katika nchi ile. Alichokuwa nacho ni watu aliowahakikishia kuwa kitabu kitakuja, na uvumilivu wa kuwafuata mmoja mmoja.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo waandishi wengi hupotea. Takwimu ninazotumia ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania, na kila mmoja anaweza kuzibadilisha kwa bei alizopewa na mpiga chapa wake. Chukulia riwaya ya ukubwa wa A5 yenye kurasa 208. Mpiga chapa wa dijitali anataka shilingi 7,000 kwa kila nakala, akichapa nakala 100. Mwenye mashine ya ofseti anataka shilingi 3,500 kwa nakala, ila lazima zichapwe 1,000, kwa kuwa gharama ya kutengeneza pleti, yaani mabamba ya kuchapia, na kuitayarisha mashine ni ileile, uchape nakala 100 au 5,000. Mwandishi analinganisha 7,000 na 3,500, anaona ameokoa nusu ya gharama, anatoa shilingi 3,500,000. Mwaka unapokwisha ameuza nakala 250, ambayo si idadi ya kuaibisha hata kidogo kwa mtu asiye na jina. Lakini kila nakala aliyoiuza imemgharimu shilingi 14,000, kwa kuwa fedha yote ilikwisha kutoka, na zile 750 zilizobaki bado ziko kwenye katoni. Akiwa anauza kwa shilingi 15,000, na duka linakata asilimia 35, anapokea shilingi 9,750. Ameuza kwa hasara huku akiamini kwamba alichapa kwa bei nafuu.

Aliyechapa nakala 100 kwa bei ya juu ametumia shilingi 700,000. Akimuuzia msomaji moja kwa moja, kila nakala inamwachia shilingi 8,000, na zikiisha anaagiza nyingine 100 kwa fedha ya mauzo. Tuseme alitumia shilingi 950,000 kwa mhariri, msanifu wa jalada na mpangaji wa kurasa. Fedha hiyo itakuwa imerudi baada ya kuuza nakala 119 kwa mkono wake mwenyewe. Akizipitisha zote dukani, kila nakala itamwachia shilingi 2,750 tu, na atahitaji kuuza 346 kabla hajaanza kuona faida. Tofauti ya 119 na 346 ndiyo inayopaswa kuamua jinsi ya kukitangaza kitabu, na ajabu ni kwamba wengi huamua habari ya matangazo bila kuwahi kuiandika hesabu hiyo kwenye karatasi.

Ofseti ina nafasi yake. Kitabu kilichokwisha kuuza nakala 300 kwa mafungu ya mia mia, kikiwa na oda za shule au taasisi zilizothibitishwa kwa maandishi, kinastahili kupelekwa kwenye mashine kubwa, na hapo kuna akiba ambazo mwandishi anaweza kuzipata kwa kuuliza tu. Kwa kawaida kurasa za kitabu cha ofseti hupigwa kwa mafungu ya 16. Kitabu cha kurasa 208 ni mafungu 13 kamili, ilhali cha kurasa 210 huingia kwenye fungu la 14, na mwandishi hulipia karatasi za kurasa 224 kwa ajili ya kurasa mbili za shukrani ambazo zingeweza kufupishwa. Mpiga chapa hatakwambia hivyo usipomuuliza, maana yeye anauza karatasi.

Vilevile kabla ya kulipa ni lazima kuitaka prufu, yaani nakala moja iliyokamilika, iliyochapwa kwenye karatasi ileile na kugandishwa kwa gundi ileile itakayotumika kwa nyingine zote. Ifungue katikati na kuikandamiza juu ya meza kwa kiganja. Gundi ikiwa hafifu, uti wa kitabu utalia na karatasi zitaanza kuchomoka kwa ncha. Iache siku kadhaa mahali penye joto, kwenye dashibodi ya gari au chini ya bati, uone kama jalada linajikunja na kama lamineshini, yaani utando wa plastiki unaolifunika, inavimba pembeni. Geuza kurasa kwa kidole kilicholowa jasho uone kama wino unaacha alama. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam atakisoma kitabu hicho katika joto na unyevu wa pwani, na kitabu kinachoachia kurasa mikononi mwake kitamfanya asite kununua cha pili, hata kama hadithi ilimfanya akeshe.

Mhariri ndiye mtu wa kwanza kulipwa, na ndiye wa kwanza kuondolewa kwenye bajeti. Hoja inayotolewa ni kwamba rafiki mwalimu wa Kiswahili amekwisha kuupitia mswada. Kumshukuru rafiki huyo ni haki, lakini kazi aliyoifanya kwa kawaida ni kusahihisha tahajia. Mhariri wa riwaya huona kwamba mama mkwe aliyefariki katika sura ya tatu anapika chai katika sura ya kumi na moja, kwamba safari ya kutoka Songea hadi Dar es Salaam imekwisha kwa saa mbili, kwamba kurasa 40 za mwanzo zinaeleza ukoo wa mhusika kabla hajafanya tendo lolote la kumfanya msomaji ajali ukoo wake. Nimepitia miswada ya kutosha kuweza kusema kwamba kosa linaloua vitabu vya kujichapishia si tahajia. Ni urefu. Mwandishi aliyelipia chapa ya kurasa 320 ambazo zingepaswa kuwa 208 amelipa mara mbili, kwanza karatasi, na kisha wasomaji walioishia njiani na ambao hawatamsimulia mtu yeyote. Mhariri mzuri hurudisha sehemu ya ada yake papo hapo, kwa kurasa anazoziondoa.

Hapa ndipo lazima niseme jambo kuhusu kampuni zinazomtoza mwandishi ada ili zimchapishe. Utaratibu wa uchapishaji wa kawaida unajulikana: mchapishaji huweka mtaji, hubeba hasara, na humlipa mwandishi mrabaha, mara nyingi karibu asilimia 10 ya mauzo. Katika kujichapishia, mwandishi huweka mtaji, hubeba hasara, na faida yote ni yake. Kampuni ninazozisema huchukua mtaji na hasara kutoka kwa mwandishi, kisha bado zinamlipa mrabaha kana kwamba wao ndio waliotoa fedha. Barua zao huja kwa lugha tamu, zikiusifu mswada ambao hawajausoma, na wahitimu wa vyuo vikuu wenye tasnifu hupokea za namna hiyo kutoka Ulaya bila kuziomba. Zipo pia za hapa nyumbani. Hakuna ubaya wa kulipia huduma. Ubaya ni kulipia huduma na kutoa haki kwa wakati mmoja. Anayeletewa mkataba aangalie ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inasajiliwa kwa jina la nani, maana aliyesajiliwa ndiye mchapishaji. Aangalie kama atakabidhiwa mafaili ya jalada na ya kurasa yanayoweza kuhaririwa au atapewa PDF peke yake, na kama kuna kifungu kinachomlazimu kununua nakala za kitabu chake mwenyewe. Nchini Tanzania ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Mwandishi anaweza kuiomba mwenyewe bila kupitia kwa mtu.

Nikija kwenye kukitangaza kitabu, nianze na uzinduzi, kwa kuwa ndio unaokula fedha nyingi baada ya kiwanda. Ukumbi, viti, mshereheshaji, mabango, vitafunwa, fulana, bahasha za waandishi wa habari, na mgeni rasmi anayefika saa mbili baada ya muda. Siupingi uzinduzi. Mwandishi amefanya kazi ngumu na watu wake wana haki ya kumshangilia. Ninachokipinga ni kuziita fedha za siku hiyo mauzo. Mgeni rasmi anaponunua nakala ya kwanza kwa shilingi 500,000, na mjomba kwa shilingi 50,000, hao wanachangia, kama wanavyochangia harusi, na mchango huo unamhusu mwandishi kuliko kitabu. Ushahidi unaonekana wakati wa kukusanya viti, kwani nakala kadhaa huwa zimeachwa juu yake, zikiwa zimetiwa sahihi na mwandishi kwa majina ya wenyewe. Fedha hiyo ni halali na inafaa kuzibia gharama, lakini haimwambii mwandishi kama kuna mtu asiyemjua atakayetoa shilingi 15,000 kwa ajili ya hadithi yake. Mwandishi anayesoma fedha ya uzinduzi kama dalili ya soko ndiye anayeagiza nakala 1,000 nyingine wiki inayofuata.

Desturi yetu ya kuchangiana inaweza hata hivyo kugeuzwa ikawa msingi mzuri wa uchapishaji, na hii ndiyo hoja ninayoitilia mkazo kuliko zote. Badala ya kuwaomba watu mchango baada ya kitabu kuchapwa, waombwe kukinunua kabla hakijachapwa. Oda ya awali inahitaji uaminifu mkubwa, kwa kuwa mwandishi anapokea fedha ya kitu ambacho hakipo. Tarehe ya kutoka itajwe, na iwe ya mbali kuliko mwandishi anavyotamani. Namba ya malipo iwe ya kitabu pekee, Lipa Namba kwa Tanzania au Till kwa Kenya, ili fedha ya wasomaji isichanganyike na ada za shule za watoto. Kila aliyelipa aandikwe jina, namba ya simu na mahali alipo, na apewe ujumbe unaosema atarudishiwa fedha yake kitabu kisipotoka. Majina ya waliolipa yachapwe mwishoni mwa kitabu, kama watapenda. Wakifika 100, nakala 100 za kwanza zimekwisha kulipiwa, na gharama ya kuzisafirisha imejulikana kabla, iwe ni bodaboda ya kutoka Sinza hadi Mbagala au kifurushi cha basi kwenda Mwanza. Wasipofika 100 baada ya miezi mitatu ya kuhangaika, mwandishi amepata taarifa ya thamani kubwa bila kupoteza mtaji, na ana nafasi ya kuuliza kama kosa liko kwenye kitabu, kwenye bei au kwenye namna alivyokieleza.

Wanunuzi hao hawatoki hewani. Eric Shigongo aliwajenga wasomaji wake kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya kampuni yake, Global Publishers, na hadithi hizo zilipogeuzwa vitabu kulikuwa na watu waliokwisha kuzoea kumsubiri wiki hadi wiki. Magazeti hayana nguvu ile tena, lakini mazoea yale yamehamia kwenye simu. Wapo waandishi, wengi wao vijana na wanawake, wanaotoa sehemu za mwanzo za hadithi bure kwenye Facebook, kisha wanawauzia wasomaji mwendelezo katika makundi ya WhatsApp kwa bei ndogo ambayo haimzidi mtu yeyote mwenye vocha. Wasomi wengi huwapuuza kwa sababu ya lugha yao na mada zao. Kwa maoni yangu hao ndio wanaolielewa soko la Kiswahili kuliko yeyote kati yetu, kwa sababu kila jioni wanajua ni wangapi wamelipa, ni wangapi wameacha, na waliacha sehemu ya ngapi. Mwandishi wa riwaya nzito anaweza kujifunza kwao bila kubadilisha anachokiandika. Sura mbili za mwanzo zisambazwe bure, zikiwa zimehaririwa kikamilifu na kupangwa vizuri kwa kioo cha simu, na mwisho wake uwepo mstari mmoja unaosema kitabu kinapatikana vipi na kwa bei gani. Tangazo la picha ya jalada peke yake, hata likilipiwa lisambae kwa watu laki moja, halimpi msomaji sababu yoyote ya kutoa fedha.

Hofu ya wizi wa PDF ina msingi. Kitabu kikishatumwa kwenye kundi moja la WhatsApp, kesho yake kiko kwenye makundi 20, na mwandishi hana uwezo wa kukirudisha. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunampa ushahidi wa umiliki, jambo lenye maana siku ya kesi, ila hakuzuii kidole cha mtu kubonyeza kitufe cha kutuma. Ushauri wangu ni kuchelewesha toleo la dijitali hadi nakala za karatasi ziwe zimefanya kazi yake, na kuliuza kupitia majukwaa yanayolifungia ndani ya programu zao badala ya kutuma faili lenyewe.

Maduka ya vitabu yana kazi moja ambayo simu haiwezi kuifanya, nayo ni kumkutanisha mwandishi na mtu ambaye hakuwa anamtafuta. Lakini mengi hupokea vitabu vya waandishi binafsi kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuuza, na mali kauli bila karatasi ni zawadi. Nakala zikabidhiwe kwa hati yenye tarehe, idadi, bei, asilimia ya duka, na siku ya kukagua hesabu. Kumi zinatosha kwa kuanzia. Mwandishi aliyeacha nakala 80 katika maduka manane ya mikoa mitano, asiye na mtu wa kuyatembelea, atatumia nauli nyingi kuliko fedha atakayoidai. Afadhali maduka mawili yanayofikika kwa daladala. Nairobi limekuwapo duka kama Nuria, ambalo limejijengea jina kwa kuwapokea waandishi wanaojichapishia na kuviuza vitabu vyao pia kwa njia ya mtandao. Mji wa ukubwa wa Dar es Salaam unahitaji zaidi ya duka moja la namna hiyo.

Wapo pia wasomaji wa Kiswahili walioko Muscat, London, Toronto au Minneapolis, ambao waandishi huwataja kwa matumaini makubwa kuliko hesabu inavyoruhusu. Posta ya kifurushi kimoja kwenda ng'ambo kwa kawaida huipita bei ya kitabu kilichomo. Njia iliyobaki ni majukwaa kama Amazon, na masharti yake yasomwe kwa utulivu, kuanzia lugha yanazozipokea. Kitabu cha kielektroniki kilichopangiwa bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kumpa mwandishi asilimia 70, lakini kwa wanunuzi walioko katika nchi zilizoorodheshwa tu. Mnunuzi wa Tanzania au Kenya humpatia asilimia 35. Aidha, kwa kuwa nchi zetu hizi mbili hazina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya mapato yanayotokana na wanunuzi wa huko hukatwa kabla hayajamfikia. Jukwaa hilo lisiachwe, kwa kuwa halihitaji mtaji wa kuchapa, ila lisiingizwe katika hesabu ya kulipa mkopo.

Kuna sehemu ya mzigo huu ambayo haipaswi kuachiwa mwandishi peke yake. Tangu mwaka 2013 Kenya ilipoweka VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye vitabu, gharama hiyo imemwangukia msomaji, na kitabu cha mwandishi asiyejulikana ndicho cha kwanza kurudishwa rafuni mtu anapopima mfuko wake. Kwa upande wa Tanzania, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, imeonyesha kwamba serikali inaweza kuweka fedha za kweli kwenye fasihi. Tuzo hata hivyo huwafikia wachache, na humfikia mwandishi mara moja katika maisha yake, kama itamfikia. Mpango ninaouona kuwa wa manufaa zaidi ulikuwa wa aina nyingine. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa kwa ajili ya maktaba za shule, na uhakika huo ndio uliowafanya wachapishaji wathubutu kutoa vitabu vya hadithi ambavyo havikuwa vya kiada.

Uhakika wa namna hiyo unaweza kutolewa kwa waandishi wanaojichapishia kwa gharama ambayo bajeti yoyote ya taifa ingeistahimili. Bodi ya Huduma za Maktaba tayari huzitoa ISBN, kwa hiyo inajua ni vitabu gani vinatoka na vinatoka kwa nani. Ikiwa kila mwaka jopo la wahariri na wakutubi lingechagua vitabu 40 vya Kiswahili vilivyochapishwa na waandishi wenyewe, na kununua nakala 50 za kila kimoja kwa shilingi 15,000, gharama yote ingekuwa shilingi milioni 30, na maktaba za mikoa zingepata vitabu 2,000 vya waandishi walio hai, vinavyozungumzia Tanzania ya sasa. Mwandishi aliyechaguliwa angepokea shilingi 750,000, fedha inayotosha kulipia fungu moja la nakala 100 za dijitali au kumlipa mhariri wa kitabu cha pili. Sharti la kuingia kwenye uteuzi lingekuwa moja: jina la mhariri lichapwe kwenye ukurasa wa hakimiliki, na mkataba wake uambatanishwe.